Kutoka Tororo hadi Nakasero

Reli inayoingia Kampala ina upana wa mita moja, na kipimo hicho kilivuka bahari kutoka India. Waingereza walipoamua kujenga reli ya Uganda walichagua upana uliokwisha kuenea kwenye njia nyingi za India, ili injini, mabehewa, vyuma na mafundi wapatikane huko huko na kupakiwa melini hadi Mombasa. Kazi ilianza 1896. Hadi reli inagusa ukingo wa ziwa pale Kisumu, Desemba 1901, watu wapatao 32,000 walikuwa wameletwa kwa mikataba, wengi wao Wapunjabi waliopandia meli Karachi. Karibu 2,500 walikufa kwa homa, kuhara, ajali na, pale Tsavo, kwa simba. Wengine kama 6,700 hawakurudi kwao mikataba ilipokwisha.

Nimekulia Mombasa, na kwetu hadithi ya reli husimuliwa kuanzia Kilindini hadi Nairobi, kisha msimulizi hunyamaza. Nilitaka kujua inaendeleaje huko mbele, katika nchi ambayo reli hiyo ilipewa jina lake. Basi nikapanda gari la usiku Nairobi, nikafika Malaba alfajiri, malori yakiwa yamepanga mstari ambao sikuuona mwisho wake. Pasi ikagongwa muhuri, jua likachomoza, na Uganda ikaanza.

Kitu cha kwanza kinachovuta macho baada ya mpaka ni mwamba wa Tororo, umesimama peke yake juu ya tambarare. Ukiuacha nyuma, ardhi huanza kupanda na kushuka polepole, na kila inaposhuka kuna kinamasi cha mafunjo. Kwa mtu aliyezoea kuvuka nyika ya Taru, ambako unaweza kusafiri kutwa usione kijito, wingi huu wa maji unashangaza. Kilima, kinamasi, migomba; kilima, kinamasi, migomba. Reli huonekana upande mmoja wa barabara, ikapotea, ikajitokeza tena mbali, kwa sababu waliolaza vyuma walilazimika kuzunguka kila mahali ambapo udongo usingeweza kubeba uzito.

Uganda ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 241,000, na sehemu isiyo ndogo ya eneo hilo ni maziwa na vinamasi. Jimbo la Gujarat, ambako wengi wa wafanyabiashara Wahindi wa Uganda walitoka, ni dogo kuliko Uganda, kilomita za mraba kama 196,000, lakini sensa ya India ya 2011 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 60. Uganda nzima, kwa sensa ya 2024, ina watu milioni 45.9. Na Gujarat haina kijani hiki. Kutch ni nchi kame ya chumvi na miiba, na Kathiawar hutegemea mvua ambazo hazina ahadi. Mwaka 1899 mvua hizo zilikosekana, ikaja njaa iliyoua watu na mifugo hadi mwaka uliofuata, na wazee wa Kigujarati bado huitaja kwa mwaka wake katika kalenda ya Kihindu. Lakini jimbo hilo lina pwani ndefu sana, na mabaharia wa Mandvi na Porbandar walikuwa wakiijua njia ya kaskazi ya kuja Zanzibar, Bagamoyo na Mombasa tangu enzi za mababu zao. Njaa nyuma, upepo mbele. Nilipokuwa nikiyatazama mashamba ya Busoga kupitia kioo cha basi nilijaribu kuyaona kwa macho ya kijana aliyetoka Kutch akafika huku kwa miguu nyuma ya msafara, na sikuona ajabu kwamba alikaa.

Wale wa reli na hawa wa maduka hawakuwa watu wamoja, na jambo hili huchanganywa mno. Makuli wa reli walikuwa hasa Wapunjabi: Masingasinga, Waislamu na Wahindu wa jimbo ambalo 1947 liligawanywa kati ya India na Pakistani. Wengi wao walirudi makwao. Wenye maduka walikuwa hasa Wagujarati, waliokuja kwa nauli yao wenyewe au kwa kuitwa na mjomba, na baadhi yao walitangulia kufika bara kabla chuma chochote hakijalazwa. Reli haikuwaleta. Iliwakuta njiani, ikawapunguzia bei ya kubeba mzigo.

Baada ya Iganga miwa ilianza. Inafika hadi ukingo wa barabara na kuendelea hadi upeo wa macho. Ni mashamba ya Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari mwaka 1930. Upande wa pili wa mto Naili kuna Lugazi, ambako Nanji Kalidas Mehta alikuwa ametangulia mwaka 1924. Sukari ya chai ya Uganda, miaka mingi, ilitoka katika sehemu hizo mbili.

Jinja nilishuka. Barabara Kuu ya mji huo ina safu mbili za maduka ya zamani yenye baraza pana na nguzo, na juu, chini ya paa, majina ya familia na mwaka wa kujengwa vimechongwa kwenye saruji. Rangi imebabuka, maandishi yamebaki. Chini yake kuna maduka ya simu, saluni, wakala wa kutuma pesa. Nilitembea na shingo juu nikisoma miaka, hadi mwenye bodaboda mmoja akaniuliza, "Nnyabo, umepotea?" Nnyabo ni bibi kwa Kiganda.

Hapa ndipo Naili inapotoka ziwani, na hapa ndipo sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilipomwagwa majini mwaka 1948. Sanamu yake ya kifua ilizinduliwa 1997 na Waziri Mkuu wa India wa wakati huo, I. K. Gujral. Mita chache kutoka hapo wavulana wanauza samaki wa kukaanga kwa watalii. Karibu na mji kuna bwawa la umeme lililofunguliwa 1954, Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale; kuna daraja la reli lililokamilika 1931 na kuiwezesha treni kufika Kampala mwaka huo; na kuna daraja jipya la barabara, lililoning'inizwa kwa nyaya, lililojengwa kwa mkopo wa Japani na kufunguliwa Oktoba 2018. Uganda nzima imefungwa fundo hapa. Kabla ya 1931 mzigo wa Kampala ulipakiwa melini Kisumu, ukavuka ziwa hadi Port Bell, ndipo ukapanda kipande kifupi cha reli kuingia mjini.

Kati ya Naili na Lugazi barabara inapita msitu wa Mabira. Ghafla jua linazimwa na miti. Mwaka 2007 serikali ilitaka kuikabidhi kampuni ya sukari ya Lugazi sehemu ya msitu huu, wananchi wakaandamana Kampala kuupinga mpango huo, na katika ghasia za siku ile ya Aprili Mhindi mmoja aliyekuwa akipita zake aliuawa na umati. Waandamanaji walikuwa na haki juu ya msitu. Msitu ulibaki. Lakini mtu yule hakuwa na shamba, hakuwa na kiwanda, na alikufa kwa sababu ya sura yake. Sijui namna ya kusimulia Mabira bila kuyasema yote mawili.

Kampala huanza kabla hujajua kuwa umefika. Mukono, Seeta, Namanve, Bweyogerere, nyumba haziachani tena, na teksi, ambazo sisi tungeziita matatu, zinajibana kwa maelfu. Wanaolala ndani ya mipaka ya jiji ni kama milioni 1.8, lakini mchana watu hufurika kutoka Wakiso na Mukono, na wote wanaonekana wana miadi karibu na stendi ya zamani ya teksi kwa saa ile ile. Mji umekaa juu ya vilima: Mengo ya Kabaka wa Buganda, Rubaga ya Wakatoliki, Namirembe ya Waanglikana, Kibuli ya Waislamu, Nakasero ya serikali, Kampala ya Zamani ambako Mwingereza Lugard alijenga ngome yake Desemba 1890. Kila mamlaka ilishika kilele chake.

Wahindi walipewa mabonde. Au tuseme miteremko ya chini na mabonde, kati ya Nakasero na Kampala ya Zamani, mahali ambapo biashara hupita na maji ya mvua hupita pia. Mpango wa mji wa wakoloni uliweka Wazungu juu penye upepo, Waasia katikati, na Waafrika nje ya mipaka ya manispaa, isipokuwa kama vibarua. Miaka ya 1940, Mjerumani Ernst May alipochora upanuzi wa jiji, ngazi hiyo ilibaki: Kololo kwa Waasia na Wazungu wenye uwezo, Naguru kwa Waafrika. Ukisimama leo chini ya mnara wa saa mvua inaponyesha, utaona jiografia ikiwa imegeuka siasa. Maji yanashuka kutoka vilima vyote, yanaingia mfereji wa Nakivubo, yanafurika barabarani, kisha yanaelekea ghuba ya Murchison na ziwani. Juu Kololo bustani zimekauka ndani ya nusu saa. Chini, wachuuzi wa soko la Owino wanabeba mafurushi ya mitumba vichwani kuyaokoa.

Nilipanga chumba karibu na soko la Nakasero kwa kusudi la kutembea kwa miguu. Asubuhi nilikula kikomando kwa mama mmoja wa kibarazani, chapati zilizokatwa vipande na kumwagiwa maharage ya moto, na sijaona chakula kinachoshibisha zaidi kwa bei ile. Halafu nikaanza kusoma majina ya mitaa. Kuna mtaa wa Snay bin Amir, Mwarabu mwenye asili ya Oman aliyefika kwa Kabaka Suuna mwaka 1852, na hekalu kubwa la Kihindu la mawe yaliyochongwa linasimama kwenye mtaa huo. Na si mbali na hapo kuna mtaa wa Allidina Visram.

Nilipoliona jina hilo nilisimama katikati ya watu. Mombasa tunalijua kwa sababu ya shule ya sekondari. Mwenyewe alikuwa kijana wa Kutch aliyefika Bagamoyo akiwa mtoto wa miaka kumi na kitu, akafanya kazi kwa Sewa Haji Paroo, yule ambaye hospitali ya Dar es Salaam ilizaliwa kwa fedha zake. Baadaye akafungua maduka yake mwenyewe kufuata njia ya misafara, moja baada ya jingine, hadi Uganda, akanunua pembe, pamba, ngozi, akauza shuka, shanga na chumvi. Mwishoni mwa karne ya 19 duka lake lilikuwa tayari limefunguliwa Kampala, reli ikiwa bado haijaliona ziwa. Alikufa 1916. Fedha iliyokuwa ikipita mikononi mwa wateja wake ilikuwa rupia. Uganda, kama Kenya, iliendelea kuitumia hadi 1920. Fikiria mkulima wa Masaka wa siku hizo: jembe lake limefika kwa reli ya kipimo cha India, amelinunua dukani kwa Mgujarati, amelilipa kwa rupia, na kodi anamlipa Mwingereza.

Mkulima huyo alikuwa na malalamiko ya haki. Alilima pamba, lakini vinu vya kuichambua vilikuwa mikononi mwa Waasia na Wazungu, na bei ilipangwa bila yeye. Ghasia za 1949 zilidai, pamoja na mengine, Mwafrika aruhusiwe kuchambua na kuuza pamba yake mwenyewe. Mwaka 1959 Augustine Kamya na wenzake waliongoza mgomo wa kutonunua katika maduka ya Waasia, na wenye maduka wengi wa vijijini Buganda walifunga wakahamia mjini. Mfumo ulimweka Mhindi dirishani ili hasira ya nyumba nzima imkute yeye kwanza. Wapo walionufaika sana na dirisha hilo na hawakutaka kuliacha, hilo pia lazima lisemwe.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza Tororo, mbele ya wanajeshi, kwamba Waasia waondoke. Siku ya mwisho ikawekwa 8 Novemba. Sensa ya 1969 ilikuwa imewahesabu kama 74,000 katika nchi ya watu milioni 9.5, na baadhi walikwisha kuondoka kabla ya amri. Uingereza ilipokea zaidi ya 27,000. Wengine walikwenda Kanada, India, na katika kambi za wakimbizi za Ulaya wale ambao hati zao za uraia wa Uganda zilikataliwa na makarani, wakawa hawana nchi.

Mmoja wa waliorudi nilimkuta akiuza mabomba, misumari na rangi katika duka refu lenye giza la kupendeza, kwenye mteremko wa chini wa Nakasero. Niliingia kuuliza njia. Aliponisikia nikizungumza alicheka kwa furaha, akasema, "Kiswahili cha pwani hicho! Keti, binti yangu, keti." Chai ya maziwa na tangawizi ikaletwa. Amezaliwa Jinja. Aliondoka akiwa na miaka 14.

"Mzee, mnakumbuka nini cha siku ile?" nilimuuliza.

"Barabara ya Entebbe," alisema. "Vizuizi. Kila kizuizi askari wanafungua sanduku. Mama alikuwa na bangili za harusi yake. Kizuizi cha tatu hakuwa nazo."

Walifika Leicester, mji wa Uingereza ambao halmashauri yake ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia Waasia wasije huko kwa sababu nyumba na shule zimejaa. Walikwenda hivyo hivyo, kwa kuwa shangazi yake alikuwa huko. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha soksi hadi alipokufa. Miaka ya 1990, serikali ya Museveni ilipokuwa ikirudisha majengo yaliyokuwa chini ya bodi ya msimamizi wa mali za Waasia, mzee huyu alikuja na hati ya jengo ndani ya bahasha ya baba yake. Ndani ya jengo alikuta familia ya Kiganda iliyopanga na kuuza vyerehani kwa miaka mingi. Hawakuwa wezi, aliniambia. Walikuwa wanalipa kodi kwa bodi. Waliondoka kwa amri ya karatasi, kama yeye alivyoondoka. "Nilipata jengo langu, na nililala vibaya," alisema.

Mazungumzo yakafika kwenye Katiba, na hapo ndipo aliposimama. Katiba ya Uganda ya 1995 ina orodha ya jamii za wenyeji, zile zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Ziliandikwa 56; marekebisho ya 2005 yakazifikisha 65. Aliyezaliwa Uganda, na ambaye mzazi, babu au bibi yake ni au alikuwa wa mojawapo ya jamii hizo, ni raia kwa kuzaliwa. Banyarwanda wamo. Waasia hawamo, ingawa kufikia 1926 Allidina Visram alikuwa na miaka 10 tangu afe na miwa ya Lugazi ilikuwa imekwisha kuanza kusagwa. Viongozi wa Waasia wameomba hadharani waingizwe.

"Babu yangu aliingia nchi hii kabla ya mstari huo," mzee alisema. "Kaburi la mwanawe mmoja liko Jinja. Mimi nimeomba uraia mara ya pili, kwa fomu, kama mgeni."

Naunga mkono ombi lake, na nilimwambia hivyo. Mimi natoka pwani, mahali ambapo watu wamekuwa wakiulizwa karatasi za babu zao kwa miaka mingi, na sioni namna nchi inavyoweza kutembea juu ya reli ya watu, kusoma katika shule walizojenga, kisha ikasema haiwajui. Lakini mhasibu wake, dada wa Kiganda aliyekuwa akihesabu risiti kwenye meza ya nyuma, aliweka kalamu chini.

"Mzee, waandikwe, mimi sina neno," alisema. "Hata bibi yangu alikopeshwa shuka na Mhindi na hakuandikiana naye. Lakini hawa wapya wanaokuja kwa ndege, wenye viwanda vya Namanve, ndugu yangu anafanya kazi kwao bila mkataba. Watu wanaona ngozi moja. Wakisikia mmeandikwa kuwa kabila, watauliza kabila la nani, lenu au la wale?"

Wengi wa Waasia wa Kampala ya leo, kweli, si wa ukoo wa 1972. Wamekuja moja kwa moja kutoka India na Pakistani katika miongo hii mitatu, kufanya kazi madukani, viwandani, katika mabenki na hospitali, na wengi hawajui hata kidogo yaliyotokea katika barabara ya Entebbe. Mzee alimsikiliza mhasibu wake hadi mwisho.

"Unasema kweli, nnyabo," alimjibu. "Na wa kuwaambia kwanza ni sisi, siyo ninyi. Mkutano wa jumuiya ni Jumapili. Nitalileta hilo la mikataba kabla sijaleta la Katiba."

"Na ndugu yangu aje?"

"Aje. Aje na wenzake."

Mteja akaingia akitaka bomba la nusu inchi na gundi yake, na bei ikaanza kujadiliwa kwa Kiganda.